Kompyuta ya sebuleni isiyovuma: jibu kwa ndugu yetu wa Tanga

Swali lenyewe: "Shkamoo fundi. Niko Tanga, nina TV ya inchi 43 ya 4K, nataka niiwekee kompyuta sebuleni tuangalie YouTube na muvi zangu ziko kwenye ekstenal, na watoto wafanyie homweki. Nina sipiyu ya mtumba ya i5 kizazi cha pili, nimeiunga wiki iliyopita aisee inavuma kama jenereta, mke wangu kasema au itoke yenyewe au tutoke nayo wote wawili. Bajeti laki tano. Ninunue feni nzuri niibadilishie, au nitafute nyingine kabisa?"

Marahaba mdogo wangu, na shemeji msalimie, ana haki yake. Jibu la haraka kabla sijaingia kwenye stori: feni usinunue. Hiyo laki tano itafutie kale kakompyuta kadogo ka ofisi kanakotoka Ulaya au Dubai, ambako chaja yake iko nje kama ya laptopu, na hiyo sipiyu ya zamani wape watoto chumbani. Sasa ngoja nikueleze kwa nini, maana usipoelewa hapa utanunua hako kadogo nako kataanza kuvuma halafu utaniona mwongo.

Feni yako inawezekana kabisa ni nzima, imeitwa kazini tu. Prosesa (ubongo wa kompyuta) za kizazi cha pili zilitoka 2011, hizi za kwenye tawa, yaani boksi kubwa la kusimama kama lako, mfano i5-2400, zimeandikiwa wati 95. Ndani yake kuna kasehemu maalumu ka kufungua video, lakini kanajua mtindo wa kubana video wa H.264, ule wa zamani. YouTube ya sa hivi inakurushia VP9 au AV1, na muvi za kudownload, hasa zile ndogo ndogo zilizoandikwa x265, ni HEVC. Kale kasehemu kakiona vitu hivo kananyoosha mikono, kwa iyo prosesa yenyewe inaanza kuipasua video kwa nguvu zake zote, picha moja baada ya nyingine, inachemka, joto linapanda, mazabodi (ile bodi kuu) inaiambia feni kimbia. Ndo huo mvumo. Ukiweka feni ya bei mbaya itavuma kistaarabu zaidi lakini itavuma, maana joto liko palepale.

Jaribu leo usiku watoto wakilala. Fungua video yoyote YouTube, bonyeza kulia juu ya video, chagua mstari wa takwimu, kitatokea kibox cheusi chenye maandishi mengi, tafuta palipoandikwa codecs. Ukiona vp09 au av01 basi mchawi ndo huyo. Fungua na Task Manager ya Windows uone prosesa iko asilimia ngapi, usishangae ikicheza sitini na kuendelea kwa video ya mtu anapika wali. Alafu weka kiongezo cha brauza kinaitwa enhanced-h264ify, kiambie kizuie VP9 na AV1, rudia video ileile. Utakuta imekuwa avc1, ndo H.264 hiyo, na mvumo umeshuka dakika hiyohiyo bila kugusa bisibisi. Hutapata zaidi ya 1080p (Full HD) kwa njia hiyo lakini kama huna hela mwezi huu anza hapo, bure kabisa.

Haya sasa, cha kununua. Kuna familia tatu zinazojaa Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny. Zote ni kama sentimita 18 kwa 18, unene tatu na nusu, unaweza ukaisahau juu ya meza ukadhani ni Kamusi. Tafuta yenye prosesa ya kizazi cha 7, na namba yake iishie na herufi T, mfano i5-7500T. Hiyo T ndo ina maana ya wati 35, ile isiyo na T ni wati 65, na angalia sana kwa sababu HP walitoa na mini za wati 65, kwa umbo zinafanana ila mfuniko wa juu una matundu. Muuzaji atakwambia hii ndo kali zaidi boss. Kweli ni kali, ila wewe hutafuti ukali.

Kwa nini kizazi cha 7 na siyo cha 6 ambacho kina bei nafuu kidogo? Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya kawaida tu, HEVC ya biti 10 (na muvi nyingi za x265 ni biti 10) inakishinda, na VP9 haijakaa sawa. Cha 7 kinafungua zote mbili kwa kale kasehemu maalumu, prosesa yenyewe inabaki inapiga miayo. Hiyo tofauti ndogo tu ndo inayotenganisha sebule tulivu na kelele. Kwa majina: EliteDesk 800 G2 ni ya kizazi cha 6, G3 ndo unaikuta na cha 7. Lakini usiamini stika ya pembeni, stika zinabandikwa, washa mashine uangalie namba. AV1 hata cha 7 hakiwezi, inaanzia kizazi cha 11 huko, kwa iyo kile kiongezo bado utakihitaji, safari hii zuia AV1 peke yake na VP9 uiache. Ukipata ya kizazi cha 8, i5-8500T kwa mfano, kwa hiyohiyo laki tano, chukua usifikirie mara mbili, maana Windows 11 rasmi inaanzia hapo na Windows 10 Microsoft walishaifunga tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiangukia cha 7 weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, watoto watazoea kabla yako. Ramu giga 8, SSD (diski isiyozunguka) ya giga 240 au 256, inatosha, muvi si ziko ekstenal.

Ukienda dukani, au ukimtuma mtu, kuna mambo mawili watu wanasahau. La kwanza waambie wakuingizie BIOS mbele yako, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka. Hizi mashine zilikuwa za makampuni na nyingi zimefungwa kwa paswedi ya BIOS, itawaka vizuri na utaipenda ila siku unataka kubadilisha mwendo wa feni unakuta mlango una kufuli na mwenye funguo yuko Ujerumani. La pili ni kusikiliza, na Kariakoo saa sita mchana husikii hata mawazo yako. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake igusishe kwenye kesi pale feni ilipo, mpini uweke kwenye kifupa cha sikio, kama mafundi magari wanavosikiliza beringi. Feni nzima inatoa mvumo mmoja laini. Feni iliyokufa beringi utasikia mkwaruzo, krrr krrr, kama mtu anasaga mchanga. Watakuangalia kama umechanganyikiwa, waache.

Ikifika nyumbani usiiunge kwenye TV kwanza. Ifungue. Hizi zimejengwa kwa ajili ya watu wa IT wavivu, HP na Dell kuna skrubu moja nyuma unaizungusha kwa vidole, mfuniko unauslaidi. Utaona feni kama kikonokono imelala juu ya prosesa, na pembeni yake kuna mapezi membamba ya aluminiamu au kopa. Sasa hapo kati ya feni na mapezi ndo kuna siri. Mara nyingi kuna vumbi limejisuka likawa kama kipande cha zulia, rangi ya kijivu, ukiingiza kibanio unalivuta lote kwa pamoja linatoka na umbo la mapezi. Huwezi kuliona kwa nje, na ukipuliza na blowa bila kufungua unalisukuma tu lizidi kukaba. Wakati unasafisha shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, brashi ya zamani ya mswaki inafanya kazi nzuri. Kisha toa hitisinki yenyewe, yaani hicho chuma cha mapezi, skrubu unalegeza kwa mshazari, hii kidogo na ile ya mkabala wake kidogo, na kabla hujaivuta izungushe kidogo kushoto kulia ijibandue. Pesti ya zamani, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, itakuwa imekauka kama udongo wa mfinyanzi, futa na spiriti kwa pamba, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha. Nusu saa kazi imeisha. Nimeona mashine zikishuka nyuzi kumi na tano kwa usafi huo tu, na feni ikishuka mwendo maana yake unajua.

Hapa niseme kitu kuhusu mwendo, kwa sababu watu wanadhani feni ikipunguza mwendo nusu na kelele inapungua nusu. Hapana, inapungua zaidi sana. Ukipunguza mizunguko nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15, na sikio la binadamu likipunguziwa desibeli 10 linahisi sauti imekuwa nusu. Yaani umepoteza nusu ya hewa umepata ukimya mwingi zaidi ya nusu. Ndo maana kwenye tawa kubwa feni ya milimita 120 inayojizungukia taratibu huisikii na kale ka milimita 40 kanakopiga kelele nyembamba kama mbu unakasikia mpaka jikoni. Na hiyo sauti nyembamba ndo inayokera, mvumo mnene sikio linauzoea, mbu halimzoei.

Kwa iyo ingia BIOS. Kwenye HP kuna kipengele cha kuongeza mwendo wa feni mashine ikiwa imetulia, kiasi kimeandikwa kwa asilimia, kiwe sifuri, nimeshakuta za ofisini zimewekwa 30 sijui kwa sababu gani. Lenovo kuna sehemu ya ICE, unachagua upande wa ukimya badala ya upande wa ubaridi. Alafu zima Turbo, ule mwendo wa ziada wa prosesa. Hapa wabishi wataniandama ila sikiliza, i5-7500T mwendo wake wa kawaida ni 2.7 GHz na Turbo inafika 3.3, hiyo nyongeza kwa YouTube na homweki hutaiona, utakachoona ni kwamba ile tabia ya feni kushtuka vuuu kila ukifungua ukurasa mpya imeisha. Sikio linakamata mabadiliko kuliko linavyokamata sauti yenyewe, feni inayopanda na kushuka inakera kuliko feni ya juu kidogo inayokaa palepale.

Na joto usiliogope. Prosesa ikisoma nyuzi 70 wewe unaona kama inaungua, yenyewe iko sawa, na ikizidi kiwango chake inajipunguza mwendo yenyewe. Kumbuka wewe uko Tanga, mwezi wa pili sebuleni kwako bila kufungua chochote ni nyuzi 31, 32, wenzetu wa Ulaya wanaoandika mashine yangu iko nyuzi 45 wamekaa chumba cha nyuzi 20, wewe lazima uongeze kumi na mbili juu ya namba zao.

Ndo maana pia sikushauri zile zisizo na feni kabisa, utaziona zina mapezi juu kama hitisinki yenyewe ndo kesi. Ni nzuri, nazipenda, hasa zenye prosesa ya N100 ya Intel ya mwaka 2023, wati 6 tu na AV1 inafungua. Ila kwa laki tano mpya utakayopata ni ile ya bei rahisi, na ya bei rahisi kwenye joto la pwani iliyofichwa kabatini inapunguza mwendo yenyewe mpaka video inakata. Kuna na hivi vibox vya N100 vyenye feni ndogo, nilishanunua kimoja kwa ajili ya sebule yangu mwenyewe, mwezi wa kwanza nilikuwa nakisifia kwa kila mtu, mwezi wa tano kafeni kakaanza kulia kama paka wa jirani, na feni ya kubadilishia hakuna kwa sababu hata jina halina. Hizi za ofisi feni yake unaipata kwa namba iliyoandikwa mgongoni.

Mahali pa kuiweka sasa. Usiiweke ndani ya shoo kesi yenye mlango wa kioo, itavuta hewa yake ileile ya moto. Na usiiweke chini ya vitambaa vya kufuma, najua shemeji akiiona nyeusi tupu pale atataka kuivalisha, mwombe kwa upole. Nyuma ya TV ni pazuri sana maana TV yenyewe inakuwa kama ukuta wa kuzuia sauti, iache na nafasi ya vidole vinne na matundu yake yasielekee ukutani. Ikikaa juu ya kabati la mbao iwekee miguu. Kata ndala kuukuu vipande vinne vya ukubwa wa kidonge cha Panadol, bandika chini. Sitanii, mbao ni ngoma.

Na kwa hiyo ekstenal yako ndo usiseme, mimi nadhani nusu ya malalamiko ya shemeji yanaweza yakatoka huko. Diski ya kuzunguka ya 7200 inapiga mizunguko 120 kila sekunde, ya 5400 inapiga 90, ukiilaza moja kwa moja juu ya kabati lenye mlango mwepesi, kabati zima linaitikia, unasikia uuuuu ya chini hujui inatoka wapi, unalaumu kompyuta. Jaribu, ikiwa inavuma inyanyue mkononi. Ikinyamaza, umeshampata. Iwekee ndala nene, nzima nzima, na uiweke ikae kabisa, isiwe ya kuyumba maana diski zikianguka zinakufa na muvi zote. Muvi za wiki zihamishie kwenye SSD, ekstenal izime.

Umeme. Hapa kuna kelele ambayo hakuna anayeihesabu: stabilaiza. Kale kasauti ka tak, tak-tak kila umeme ukicheza ni rilei (swichi ya ndani) inabadilisha njia, na usiku umeme ukiwa unacheza inapiga kama mtu anagonga mlango. Geuza chaja ya hiyo mini usome nyuma, imeandikwa 100–240V, maana yake umeme ukishuka mpaka 170 yenyewe haijali. Stabilaiza haikuhusu, tafuta gadi nzuri ya kukata umeme ukizidi. Chaja iwe orijino tu, hizi HP na Dell zinatambua chaja, ukiiwekea ya kuokoteza inalalamika inawaka polepole. Na kwenye LUKU utaona tofauti: mini ikiwa imetulia inakula kama wati 10, ukiiacha siku nzima mwezi mzima ni yuniti 7 na kidogo. Hiyo tawa yako kwa wati 60 ni yuniti 43. Kama uko kwenye ile tarifu ya chini isiyotakiwa kuzidi yuniti 75, piga hesabu mwenyewe friji itabakiwa na nini.

Kuunga TV usisumbuke na 4K. Nyingi ya hizi mini, HDMI yake ni 1.4, inatoa 4K kwa picha 30 kwa sekunde, mausi inaburuta kama imelewa. Tundu la DisplayPort linaweza 60 ila unahitaji adapta ya kubadilisha kwenda HDMI iliyo hai (active), siyo ile ya bei ya chini. Weka 1080p kwa 60, TV ya inchi 43 ukiwa umekaa kwenye kochi mita tatu hutaona tofauti, na prosesa inapumzika zaidi, na programu nyingi za kulipia kwenye brauza 4K hazikupi hata ukilia. Muvi fungulia programu ya Kodi, ile iliyokuwa inaitwa XBMC mpaka 2014, ina muonekano wa TV na simu yako inageuka rimoti. Rimoti ya TV yenyewe haitaiendesha kompyuta usije ukadhani mashine mbovu. Ukinunua kikibodi kidogo kisicho na waya kichomeke poti ya USB nyeusi, hizi za bluu zinakisumbua mawimbi.

Kama bado unataka kuiokoa ile tawa kwa ajili ya watoto: toa diski yake ya kuzunguka weka SSD, safisha kama nilivyosema, badilisha pesti, ishia hapo. Usifungue pawa saplai kubadilisha feni yake hata kama YouTube wanafungua, ndani kuna kapasita zinabeba zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa waya, hiyo mpelekee fundi.

Ukishamaliza yote subiri usiku, zima feni la juu, maana hilo ndo linakudanganya, likizunguka sebule nzima ina mvumo wake na kompyuta inajificha humo. Mwezi wa saba kukiwa na ubaridi mmelizima ndo mtaisikia. Kaa kwenye kochi ulipozoea, weka video isiyo na sauti dakika kumi. Ukiendelea kusikia kitu kama iiiiii nyembamba isiyobadilika hata ukishika feni kwa kidole sekunde moja, hiyo ni koili ya kwenye mazabodi au kwenye chaja, jaribu chaja nyingine kwanza kabla hujamrudia muuzaji. Nje ya hapo niandikie namba iliyoko mgongoni mwa feni nikutafutie. Na ndala ukate zako, usiguse za shemeji.